Kompyuta iliyopandishwa kasi inapoganda ovyo: anza na saa, usianze na bisibisi

Kila fundi wa kompyuta za gemu ameshayasikia malalamiko haya: "Nimeipima usiku kucha kwa mzigo mzito, haikutetereka. Asubuhi nimefungua kivinjari nisome habari, ikaganda." Mwenye mashine anaona jambo hilo haliwezekani, basi lawama zinahamia kwa Windows, kwa draiva, kwa virusi, mwisho kwa aliyemuuzia. Kumbe mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo. Prosesa iliyopandishwa kasi, yaani iliyolazimishwa kwenda kupita kiwango cha kiwandani, inaweza kubeba mzigo saa nane mfululizo, kisha ikashindwa kukaa bure kwa dakika tano. Sababu yake inaeleweka, mradi ujue volteji inavyopanda na kushuka humo ndani.

Tuchukue prosesa moja kama mfano. Core i7-8700K ya Intel, iliyotoka mwaka 2017, ina viini (core) sita, na kiwandani imepangiwa kwenda 4.3 GHz, yaani mipigo bilioni 4.3 kwa sekunde, viini vyote vikichapa kazi pamoja. Herufi K inamaanisha kizidishi chake hakikufungwa: mazabodi inatoa mpigo wa msingi (saa ya mashine) wa MHz 100, prosesa inauzidisha mara 43. Ukiingia kwenye BIOS, ule mpangilio wa mazabodi unaofunguka kabla ya Windows, ukaandika 50 badala ya 43, umepata 5 GHz. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa tazama kilichotokea ndani. Kwa 4.3 GHz mpigo mmoja huchukua pikosekunde 233 hivi (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Kwa 5 GHz ni pikosekunde 200. Ndani ya muda huo ishara ya umeme lazima itoke kwenye rejista moja (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa), ipenye safu ya transista, zile swichi ndogo za umeme, ifike rejista inayofuata na iwe imetulia. Ikichelewa haisubiriwi. Rejista inabeba kilichopo, kama msimamizi wa mtihani anayekusanya karatasi kengele ikishalia, uwe umemaliza sentensi au hujamaliza. Prosesa haijui kwamba imebeba jibu pungufu, kwa hiyo inaendelea kulitumia.

Dawa inayojulikana ni kuongeza volteji, maana transista zikipata volteji zaidi hugeuka upesi zaidi. Ila gharama yake haiendi sambamba na faida. Umeme unaoliwa hufuata kasi mara volteji mara volteji. Ukitoka 4.3 GHz kwa volti 1.20 ukaenda 5 GHz kwa volti 1.35, kasi imepanda asilimia 16 na umeme karibu asilimia 47. Umeme huo wote unageuka joto, na joto linazichelewesha transista zile zile ulizotaka kuziharakisha. Ndiyo maana kuna mahali ambapo kuongeza volti kunazidisha kuganda badala ya kukuponya.

Kwa nini basi isigande kila mara, ikatuachia kazi rahisi? Kwa sababu njia za ishara ndani ya prosesa hazilingani urefu. Nyingi zinamaliza mapema na zina nafasi ya kutosha. Chache, zile ndefu kuliko zote, ndizo zinazofika ukingoni, tena zinapopitiwa na data fulani wakati volteji imeteleza kidogo na kiini kimepata moto. Mambo hayo matatu yakutane kwa wakati mmoja ndipo kosa litokee. Na kosa likitokea si lazima mashine igande. Huenda rangi ya nukta moja kwenye picha ikabadilika na usione. Huenda faili likaandikwa vibaya ukaligundua baada ya miezi. Kuganda ni yale makosa yaliyobahatika kuangukia mahali nyeti.

Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia ripoti za ajali za Windows zilizowasumbua vichwa. Programu zilikuwa zinaanguka kwenye amri ya xor eax, eax, ambayo kazi yake ni kuweka sifuri kwenye rejista iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Haigusi RAM wala diski, haina pa kukosea. Wenye mashine walipofuatiliwa, wako waliokubali kwamba wamepandisha kasi. Wengine hawakujua hata maana yake: kompyuta zao ziliuzwa zikiwa zimeshapandishwa. Jambo hilo la pili lishike vizuri kama mashine yako ni ya mtumba. Muuzaji hatakwambia, na huenda yeye mwenyewe hajui kilichoandikwa kwenye BIOS.

Turudi kwenye skrini iliyoganda. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuzima, tumia nusu dakika kuitazama na kuisikiliza, maana kuganda kuna sura zaidi ya moja na kila sura ina mshukiwa wake.

Sura ya kwanza ni kifo kamili. Picha imesimama, kipanya hakisogei, na wimbo uliokuwa ukipigwa umebaki "trrrrr", ukirudia kipande kile kile. Mlio huo ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Chipu ya sauti hujisomea yenyewe kutoka eneo dogo la RAM, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Kazi ya prosesa ni kulijaza eneo hilo upya kabla halijasomwa tena. Kipande kikijirudia, maana yake chipu ya sauti iko hai na RAM inasomeka, ila hakuna anayejaza. Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu. Taa isipobadilika, mfumo wenyewe umekata kauli. Hapo washukiwa ni prosesa, volteji yake, au RAM.

Sura ya pili inafanana na hiyo kwa macho tu. Picha imeganda, lakini wenzako kwenye gemu unawasikia, nao wanakusikia. Prosesa ni nzima. Kadi ya picha ndiyo iliyokwama. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu, isipojibu inaiwasha upya draiva yake, na ikifanikiwa huandika tukio namba 4101 kwenye kumbukumbu zake. Unaweza kuichokoza mwenyewe kwa kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Ikiwa kadi nayo umeipandisha kasi kwa programu kama MSI Afterburner, irudishe kwanza na usiguse kitu kingine. Watu hupoteza wiki nzima wakichezea volteji ya prosesa kwa kosa la kadi ya picha.

Kipanya kikisogea lakini hakuna dirisha linalofunguka, kisha baada ya nusu dakika vyote ulivyobofya vikafunguka kwa mkupuo, hapo tazama SSD au waya wake. Tukio namba 129, linaloonyesha kwamba diski ilibidi iwashwe upya, huambatana sana na hali hiyo. Na mashine inayozimika ghafla au kujiwasha upya haijaganda. Hiyo ni kesi ya pawasaplai au ulinzi wa umeme kwenye mazabodi, ingawa wengi huiita kwa jina hilo hilo.

Tuseme umepata sura ya kwanza, kifo kamili. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: ilikuwa inafanya nini?

Ikiganda dakika chache baada ya kuanza kazi nzito, kesi ni nyepesi. Volti 1.35 uliyoiandika kwenye BIOS siyo inayofika kwenye viini. Mkondo ukiwa mkubwa volteji huporomoka njiani, na prosesa inaweza kujikuta ina 1.28 au chini ya hapo wakati inapoihitaji zaidi. Mazabodi nyingi zina mpangilio wa kufidia mporomoko huo, unaoitwa Load-Line Calibration, wenye ngazi kadhaa. Wengi huukokota hadi ngazi ya juu kabisa, na mimi naona ni pupa: mzigo ukiondoka ghafla, volteji iliyokuwa inasukumwa juu huruka kupita kiwango kwa kitambo kidogo sana, muda ambao programu ya kupima haiwezi kuuona ila transista zinausikia. Ngazi ya kati, pamoja na kushusha kizidishi hatua moja, huponya zaidi. Pia angalia kama mzigo wenyewe ni wa amri za AVX, zile za kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo, ambazo huchemsha prosesa kuliko kazi ya kawaida. BIOS ya 8700K inakuruhusu kupunguza kizidishi kwa ajili ya kazi hizo peke yake.

Ikiganda imekaa bure, mambo yamegeuka. Prosesa ya kisasa isipokuwa na kazi hushusha kasi na volteji, na viini vingine huzimwa kabisa kwa muda. Wanaotafuta ubaridi hupunguza volteji kwa mtindo wa kutoa kiasi kisichobadilika, mathalani volti 0.10, kwenye kila kiwango cha kasi. Juu kule, penye volti 1.30, pengo hilo linavumilika. Chini, prosesa inapotembea taratibu kwa volti 0.70 hivi, umeikata sehemu ya saba ya riziki yake. Kipimo cha mzigo mzito hakifiki huko chini hata ukikiacha mwezi. Kwa hiyo yule wa "nimeipima usiku kucha" hakudanganya; alipima ghorofa ya juu, na msingi haukupimwa.

Hata mashine ambayo haijaguswa inaweza kupatwa na hili. Mwaka 2017, prosesa za kwanza za Ryzen, za kampuni ya AMD, zilijulikana kwa kuganda kwenye Linux zikiwa zimekaa bure, na watengenezaji wa mazabodi wakaongeza kwenye BIOS kipengele cha Power Supply Idle Control. Kukiweka Typical Current Idle kuliwatuliza wengi. Kabla ya hapo, prosesa za Haswell za Intel za mwaka 2013 zilikuwa zinashusha ulaji wa umeme mno kiasi kwamba baadhi ya pawasaplai za zamani hazikuweza kushikilia mkondo mdogo hivyo. Kama pawasaplai yako umeirithi kutoka mashine ya zamani, lijue hilo.

Kuna kundi la tatu ambalo limeongezeka tangu Ryzen 5000 zipate Curve Optimizer, ule mpangilio wa kupunguza volteji kiini kimoja kimoja. Ryzen 7 5800X hufika 4.7 GHz na ushee, lakini pale tu kiini kimoja au viwili vinapofanya kazi nyepesi. Viini vyote vinane vikibanwa na Prime95, programu ya kipimo kizito, kasi hushuka chini ya hapo. Kwa maneno mengine, kasi ya hatari inatokea ukifungua kivinjari na kamwe haitokei kwenye kipimo kizito. Kwa hawa tumia CoreCycler, inayopima kiini kimoja baada ya kingine. Au soma Event Viewer, kisomeo cha kumbukumbu za Windows: tukio namba 18 la WHEA-Logger, sehemu inayoandika makosa ya vifaa, hutaja APIC ID, namba za utambulisho ambazo hapa ni mbili kwa kila kiini. Kwenye 5800X gawa namba hiyo kwa mbili, ukihesabu viini kuanzia sifuri. APIC ID 6 au 7 ni kiini namba 3. Hicho ndicho ukipunguzie ukali, kutoka hasi 25 hadi hasi 15 tuseme, na vingine uviache.

Mpaka hapa sijaigusa RAM, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu watu hawaihesabu. Utamuuliza mtu: umepandisha nini? Prosesa tu, atasema. RAM je? "RAM nimewasha XMP tu." XMP, mpangilio ulio tayari wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ni kupandisha kasi. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwenye boksi haina kiwango rasmi cha 3600. Viwango rasmi vya DDR4 vinaishia 3200 kwa volti 1.2, na hiyo 3600 kwa kawaida inapatikana kwa volti 1.35. Tena anayebeba mzigo ni kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa, na kwenye 8700K yetu Intel imekidhamini hadi 2666 basi. Ukijaza vipande vinne badala ya viwili, kazi yake inakuwa ngumu zaidi. RAM yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, na mchanganyiko wake na prosesa hiyo usikubali.

Ipime nje ya Windows, kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi, mizunguko kadhaa. Kosa moja ni kosa. Hakuna RAM yenye "makosa machache tu". Na usianze majaribio yoyote kabla hujanakili mafaili yako mahali pengine, maana RAM mbovu huharibu yaliyomo kwenye diski taratibu: Windows inasoma faili zima, inaliandika likiwa limechafuka, na wewe huoni.

Sasa kupima kwenyewe. Rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani: prosesa, RAM, kadi ya picha. Usiamini kitufe cha BIOS cha Load Optimized Defaults peke yake, kwani baadhi ya mazabodi huwasha vinyongeza vyao wenyewe hata kwenye hali hiyo. Multi-Core Enhancement ni mojawapo. Kagua kwa macho. Mashine ikiendelea kuganda hivyo, acha kulaumu kupandisha kasi na anza kushuku vifaa vyenyewe.

Isipoganda, usishangilie mapema. Kama ilikuwa inaganda mara moja kila siku tatu, kukaa salama siku mbili hakuna maana yoyote. Matukio ya namna hii huja kwa bahati, na hesabu yake ni hii: ukisubiri muda sawa na ule wa kawaida kati ya kuganda na kuganda, ugonjwa ambao bado upo una uwezekano wa asilimia 37 wa kukuficha tu. Ukisubiri mara tatu ya muda huo, uwezekano unashuka hadi asilimia 5. Kwa hiyo mashine ya siku tatu isubiri siku tisa. Inachosha, najua. Lakini anayebadilisha vitu vitatu kila jioni hatajua kipi kilichomponya, na ugonjwa ukirudi ataanza upya. Baada ya hapo rudisha kimoja: prosesa kwanza, RAM ikiwa bado kwenye kiwango rasmi, subiri, kisha RAM.

Kumbukumbu za Windows zinasaidia, ila zisome kwa tahadhari. Kernel-Power 41 ndiyo inayotafutwa sana, na ndiyo inayopotosha sana, kwa sababu ya jina lake. Haisemi kwamba pawasaplai ni mbovu. Inasema mfumo uliwashwa bila kuwa umezimwa ipasavyo, jambo ambalo unalijua tayari kwa sababu wewe ndiye uliyeshikilia kitufe. Chenye thamani ni WHEA-Logger. Namba 19 ni makosa yaliyorekebishwa kimyakimya, na yakijaa wakati mashine inaonekana nzima, inakudokezea kwamba uko ukingoni. Skrini ya bluu yenye namba ya kosa 0x101 inamaanisha kiini kimoja kiliacha kujibu wenzake. 0x124 ni kosa la vifaa lisilorekebishika. Kumbukumbu ikiwa tupu kabisa, hilo pia si ajabu: prosesa iliyokufa haipati nafasi ya kuandika chochote.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Joto la chumba linapopanda nyuzi sita, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi hizo hizo. Mashine iliyopangwa Dar es Salaam mwezi wa Julai ikatulia, Februari inaweza kuanza kuganda bila mtu kugusa kitu. Joto lenyewe kwa nadra hugandisha prosesa moja kwa moja, maana 8700K ikifika nyuzi 100 hujipunguza kasi. Linachofanya ni kula ile nafasi ndogo iliyobaki ndani ya pikosekunde 200. Pima siku ya joto, mchana, feni zikiwa na vumbi lake la kawaida. Na umeme mdogo wa jioni: pawasaplai nzuri inamudu volti 100 hadi 240, lakini ya bei poa hulegea. Laini yake ya volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Kama kuganda kunafuata saa ambazo taa za nyumbani zinafifia, umeshapata pa kuanzia.

Kuna pia uchakavu. Mashine iliyotulia mwaka mzima kwa 5 GHz inaanza kuganda, unaiongezea volti kidogo, inatulia miezi miwili, inaanza tena. Usiendelee kuilisha. Volteji kubwa pamoja na joto huzichakaza transista, kwa hiyo kila nyongeza inaharakisha nyongeza inayofuata. Shusha kizidishi kutoka 50 hadi 48. Kwenye gemu hutaiona tofauti.

Na kama prosesa yako ni Core ya kizazi cha 13 au 14, badilisha mpangilio wa uchunguzi wote huu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volteji iliyopanda kupita kiasi ilikuwa inachakaza saketi ya mpigo wa saa ndani ya viini vya prosesa hizo, hata kwa watu ambao hawajawahi kufungua BIOS. Marekebisho yalitolewa kwa mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanayokuja na BIOS) 0x129 mwezi wa Agosti na 0x12B Septemba, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Sasisha BIOS kwanza, kabla ya kipimo chochote. Ila marekebisho hayo yanazuia uharibifu mpya tu. Chipu iliyokwisha kuumia haiponi, na kama inaganda hata kwenye hali ya kiwandani, tafuta risiti uirudishe.